Ajali haina kinga? Ile ya Matema ilikuwa nayo

Tangu siku ile, mtu akisema "ajali haina kinga" mbele yangu siwezi kunyamaza.

Ilikuwa Jumamosi, Matema, kule Ziwa Nyasa linakoishia chini ya Milima ya Livingstone. Mchana watoto walijaa majini. Boti ya kasi ilikuwa inazungusha watu raundi, inapita karibu na waogeleaji mpaka mawimbi yake yanatupiga magotini. Hakuna aliyekemea. Mimi pia sikukemea, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ilipokata kona kali, dereva na abiria mmoja walirushwa majini. Mashine haikuzima. Boti tupu ikaanza kujizungusha, ikiwarudia walewale iliowamwaga. Nilidhani itapotelea ziwani, kumbe mashine ya nyuma ikikosa mtu wa kuishika, mzunguko wa pangaboi, ile feni ya majini inayoisukuma boti, huielekeza upande mmoja, na boti hupiga duara palepale. Mara ya tatu ilimpata mmoja wao, kijana, pajani.

Waliomwokoa ni wavuvi wawili wenye mtumbwi. Walisubiri boti ipite, wakapiga kasia, wakamvuta. Mmoja akatupa kamba ya nyavu mbele ya boti, pangaboi likajiviringishia kamba hiyo mpaka mashine ikazima. Ufukweni tulimkaza paja kwa kanga mbili, mama mmoja akakandamiza jeraha kwa mikono yote miwili hadi gari lilipofika. Kijana alipona. Bado anachechemea.

Boti iliposukumwa nchi kavu nilisogea. Kando ya usukani ilining'inia kamba nyekundu iliyojisokota kama waya wa simu ya mezani, ncha yake imefungwa kwenye mkono wa gia. Kamba ile hufungwa mkononi au mguuni kwa dereva. Akianguka inachomoka kwenye swichi, na mashine inazima papo hapo. "Inasumbua, dada," kijana wa boti nyingine aliniambia.

Inasumbua! Kinga ilikuwepo, haikufungwa tu. Kwa maoni yangu, boti ya abiria isiyofungwa kamba hiyo isiruhusiwe kuondoka ufukweni, na eneo la kuogelea liwekewe maboya ambayo boti haivuki. Na wavuvi wapewe mafunzo na jaketi okozi, maana ndio wanaofika kwanza. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 2022, nani walitangulia kufika? Wavuvi. Sisi tuliwaambia wale wawili wa Matema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, wakarudi kwenye nyavu zao mikono mitupu.

Mwezi uliopita nilirudi Matema. Kijana mmoja akaniita, "Dada, raundi moja?" Nikamwomba afunge kamba kwanza. Alinitazama, akainama, akaifunga mguuni. Mimi sikupanda. Nilisimama pale mchangani nikiwahesabu watoto aliowachukua, mpaka alipowarudisha wote wanne.