Perth, Melbourne na mitambo ya kutoa chumvi baharini

Mvua za majira ya baridi zinazojaza mabwawa ya Perth, magharibi mwa Australia, zimepungua kwa asilimia 15 hadi 20 tangu katikati ya miaka ya 1970. Mtu akisikia hivyo anaweza kudhani maji ya mabwawani nayo yamepungua kwa kiasi hichohicho. Sivyo. Kabla ya 1975 mabwawa yalipokea wastani wa zaidi ya mita za ujazo milioni 300 kwa mwaka. Katika muongo uliopita wastani huo haukufika milioni 100. Udongo hunywa kwanza. Maji ya chini ya ardhi yakishashuka, mvua za mwanzo wa msimu huishia kuulowesha udongo na kunyweshea mizizi ya miti, na mto hupata masalia tu. Pungufu dogo angani huwa pengo kubwa bwawani.

Ndiyo sababu Perth ilizindua mtambo wa Kwinana Novemba 2006, wa kwanza mkubwa nchini humo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, wenye uwezo wa mita za ujazo milioni 45 kwa mwaka. Ule wa Binningup ulifuata 2011, ukapanuliwa hadi milioni 100. Kwa pamoja inaweza kubeba takriban nusu ya mahitaji ya mji, na wa tatu unajengwa Alkimos. Mitambo hii haizimwi mvua ikinyesha. Watu wasipomwagilia bustani, maji yanayozidi husukumwa hadi kwenye mabwawa yaleyale yaliyokuwa yakingoja mvua, yakahifadhiwa humo mpaka kiangazi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ila kuifanya kwa bei nafuu ni shughuli. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi. Ili maji yapenye kwenye utando, yaani ngozi nyembamba ya plastiki inayopitisha maji, na kuiacha chumvi nyuma, sharti kwanza uishinde presha ya asili inayotokana na chumvi hiyo, yapata bar 27. Kadiri maji matamu yanavyotoka, yanayobaki yanazidi kuwa makali, kwa hiyo pampu husukuma kwa bar 55 hadi 70. Katika lita 100, kati ya 40 na 45 hutoka matamu. Zinazobaki zina ukali karibu mara mbili na bado zina presha kubwa. Zamani presha hiyo ilipotea bure. Siku hizi kuna kifaa kinachoihamishia kwenye maji mapya yanayoingia, na hicho ndicho kilichosaidia kushusha matumizi ya umeme hadi uniti 3 au 4 kwa kila mita ya ujazo.

Kwa Kwinana hiyo ni uniti zinazokaribia milioni 180 kwa mwaka. Perth hununua umeme wa shamba la upepo la Emu Downs, megawati 80, kufidia matumizi hayo, na kwa hesabu ya mwaka mzima inatosha. Kwa hesabu ya saa moja moja hadithi ni nyingine: upepo unaingia kwenye gridi, mtambo unachota kwenye gridi, na usiku usio na upepo kinachozungusha pampu ni gesi na makaa ya mawe.

Kinachosumbua sana tando ni uchafu wenye uhai. Klorini hutiwa mdomoni mwa bomba la baharini ili kome na viumbe wengine wasiote humo, kisha lazima iondolewe kwa dawa nyingine kabla ya kufika kwenye utando, kwa kuwa klorini huula. Kipimo kikikosewa kidogo, tando za fedha nyingi zinaharibika kimyakimya. Mwani nao ni balaa: wanaoishi Oman na Emirates waliliona hilo mwaka 2008 na 2009, mwani mwekundu ulipoziba vichujio na mitambo kadhaa ikasimama. Boroni, elementi iliyomo kwenye maji ya bahari, hupenya utando kirahisi, kwa hiyo maji hupitishwa mara ya pili. Na maji yaliyosafishwa kiasi hicho hula saruji na chuma cha mabomba. Ndipo hurudishiwa chokaa na kaboni dayoksaidi kabla ya kupelekwa mjini.

Sasa tuje Melbourne, maana huko ndiko wapinzani wa teknolojia hii huchukua ushahidi wao. Mwaka 2007 serikali ya Victoria, jimbo lenye mji huo, iliamua kujenga mtambo wa mita za ujazo milioni 150 kwa mwaka karibu na Wonthaggi, pamoja na bomba la kilomita 84. Kufikia Juni 2009 mabwawa ya Melbourne yalikuwa yamebaki na karibu robo tu ya ujazo wake. Kisha mvua za 2010 na 2011 zikaja kwa fujo, na mtambo ukakamilika Desemba 2012 mabwawa yakiwa yameshapata maji mengi. Tone la kwanza kwa wateja lilifika 2017. Katikati hapo mkataba na kampuni ya mtambo uliendelea kudai zaidi ya dola milioni 500 za Australia kila mwaka, maji yaagizwe yasiagizwe. Piga hesabu: mwaka wa kuagiza milioni 15 tu, kila mita ya ujazo imegharimu zaidi ya dola 33, mwaka wa kuagiza zote 150, zinapita 3 kidogo.

Watetezi wanajibu kwamba hiyo ni bima, na hakuna anayelalamika kulipia bima ya moto eti nyumba haikuungua. Hoja ina uzito. Mwaka 2019 na tena 2020 jimbo liliagiza mita za ujazo milioni 125, na bila hizo mabwawa yangeshuka zaidi. Lakini bima nayo huwa na kiwango chake. Kwa maoni yangu kosa la Wonthaggi halikuwa kujenga. Lilikuwa kuamua ukubwa katikati ya hofu, na kufunga mkataba wa miongo mitatu usio na hatua za kuanza kidogo kisha kuongeza. Binningup ulipanuliwa baada ya kuonekana kwamba unahitajika. Isitoshe, Perth ilikuwa na mteremko wa miaka 30 kwenye takwimu zake, Melbourne ilikuwa na ukame mmoja mrefu. Hayo ni magonjwa mawili.

Sydney ilijaribu njia ya katikati: washa mabwawa yakishuka chini ya asilimia 60, zima yakipita 70. Kwenye karatasi inapendeza. Ila mtambo uliozimwa haukai kama taa. Tando lazima zihifadhiwe kwenye dawa, wataalamu huondoka, na kuuwasha tena huchukua miezi. Mtambo huo wa Sydney, ulioko Kurnell, ulizimwa 2012, kimbunga kikaung'oa paa Desemba 2015, na kiwango kilipoguswa Januari 2019 maji yalianza kutoka Machi.

Yapo pia maji taka, ambayo kuyasafisha hadi ya kunywa kunahitaji umeme pungufu ya nusu ya ule wa bahari, kwa kuwa chumvi yake ni kidogo. Kizuizi huko ni watu. Mwaka 2006 wakazi wa Toowoomba, Queensland, walipigia kura mpango huo na karibu asilimia 62 wakaukataa, ingawa mabwawa yao yalikuwa yakikaribia kukauka. Perth ilipitia mlango mwingine. Ilianza na majaribio ya miaka mitatu huko Beenyup, maji taka yakisafishwa kwa vichujio laini, tando na miale ya urujuanimno, kisha yakasukumwa kwenye matabaka ya maji chini ya ardhi, yakakae miaka mingi kabla ya kuchimbwa. Kazi kamili ilianza 2017, na sasa uwezo ni mita za ujazo milioni 28 kwa mwaka.

Milioni 28 ni chini ya theluthi moja ya Binningup. Mji hauwezi kurudisha ardhini zaidi ya kinachoingia kwenye mabomba ya maji taka, na sehemu kubwa ya maji ya nyumba za Perth huishia kwenye mchanga wa bustani, mahali ambapo hakuna bomba la kuyakusanya. Kwa hiyo Alkimos unaendelea kujengwa.