Kopo la Tahrir

Januari 2011, vijana wa Cairo wakiwa bado wanakohoa moshi waliokota makopo ya mabomu ya machozi na kuyaelekeza kwenye kamera. Yaliandikwa wazi kuwa yametengenezwa Marekani. Tangu hapo, kila nikisikia mataifa ya Magharibi yakihubiri demokrasia kwa Waarabu, kopo lile hunirudia.

Wanaosema Waarabu hawana hamu na demokrasia wanawadhulumu. Watu walilala katika uwanja wa Tahrir, Cairo, siku 18 mpaka Rais Hosni Mubarak akang'oka. Kinachoziweka hai tawala hizi ni jeshi na polisi, na anayewalipia ni huyohuyo mhubiri. Misri hutengewa na Marekani msaada wa kijeshi wa dola bilioni 1.3 kwa mwaka, tangu miaka ya 1980. Semina zao za uchaguzi zitafua dafu wapi?

Juni 2005, Condoleezza Rice, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikiri akiwa Cairo kwamba kwa miaka 60 nchi yake ilitanguliza utulivu mbele ya demokrasia, ikakosa vyote viwili. Nilimwamini, nakiri. Septemba, mpinzani Ayman Nour akagombea urais dhidi ya Mubarak. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefungwa miaka 5. Wagombea wa Udugu wa Kiislamu, kundi kubwa la upinzani Misri, wakapata viti 88 bungeni, Januari 2006 Hamas, kundi jingine la Kiislamu, ikashinda uchaguzi wa Palestina, na shinikizo la Washington likapoa.

Wanaobeba mzigo ni wenyeji. Juni 2013, mahakama ya Cairo iliwatia hatiani watu 43 kwa kazi zao katika mashirika ya kigeni ya kukuza demokrasia. Wamarekani wengi walikuwa wamekwishapanda ndege mwaka uliotangulia. Wenzao Wamisri hawakuwa na pa kwenda.

Mwezi uliofuata jeshi likampindua Morsi, rais aliyepigiwa kura, na Agosti 14 mamia ya wafuasi wake wakauawa katika uwanja wa Rabaa, Cairo. Marekani ikazuia sehemu ya msaada. Machi 2015 ikaachia: ndege 12 za F-16, makombora 20 na vifaa vya vifaru.

Najua watajitetea kwa mkataba wa amani na Israeli wa 1979 na kwa meli zao za kivita zinazopita mfereji wa Suez. Basi wawaambie Wamisri hivyo, wazi, kabla ya kumwalika kijana mwingine kwenye semina ambayo kesho itampeleka kizimbani.