Hoteli ya nyota tano: Dubai au nyumbani?

Tunaoishi Ughaibuni tuna mazoea ambayo naona yamekaa kinyume. Ndugu akija Dubai kwa siku nne za biashara, tunamshauri alale hoteli ya nyota tano ili "aonje mji". Sisi wenyewe tukirudi likizo Dar es Salaam au Nairobi tunabana matumizi na kutafuta gesti ya karibu na kwa shangazi. Ushauri wangu ni tugeuze. Kama pesa yako ya anasa inatosha usiku mbili au tatu tu kwa mwaka, usiku huo ulale kwenye hoteli kubwa ya nyumbani.

Si suala la uzalendo. Unapolipa hoteli kubwa hulipii kitanda, unalipia tofauti iliyopo kati yake na hoteli ya kawaida ya mtaa wa pili. Dubai tofauti hiyo ni ndogo kuliko macho yanavyodhani. Hoteli ya nyota tatu ya mitaa ya Deira au Al Rigga ina umeme usiokatika, maji usiku na mchana, lifti, sefu ya kuwekea pasipoti, na kiyoyozi kinachopoza chumba hata Agosti, nje kukiwa nyuzi joto 42. Chooni kuna bomba la mkono la kujisafishia, kitu ambacho hoteli nyingi za London na Paris hazina hata ziwe na nyota ngapi. Juu ya dari au ndani ya droo kuna mshale wa kibla. Soketi ni zile zile za pini tatu za Tanzania na Kenya. Ukiongeza pesa kutoka hapo unapata marumaru, bwawa, mandhari na mto laini zaidi. Ni vitu vizuri, lakini aliyekuja kununua mzigo atavitumia saa ngapi?

Halafu kuna bei yenyewe. Bei unayoiona kwanza mtandaoni mara nyingi si utakayolipa. Chukua chumba kilichoandikwa dirham 600 kabla ya tozo. Ongeza asilimia 10 ya huduma, yaani 60. Ongeza asilimia 7 ya manispaa, yaani 42. Ongeza VAT ya asilimia 5, iliyoanza Januari 2018, nayo inakuja kama 33 kwa kuwa inakokotolewa pamoja na ile huduma. Kisha kuna tozo ya utalii iitwayo Tourism Dirham, ambayo kwa nyota tano ni dirham 20 kwa chumba kwa usiku. Umefika 755, zaidi ya dola 200, maana dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725. Hiyo tozo ya mwisho ndiyo inayozua ugomvi mapokezi, kwa sababu mara nyingi hulipwa hotelini hata kama chumba kilishalipiwa chote mtandaoni. Usiku tano ni dirham 100 ambazo mgeni hakuzipangia.

Linaloumiza zaidi ni dhamana. Ukifika, mapokezi wanaomba kadi. Hawakati pesa, wanaizuia, na dirham 200 hadi 500 kwa kila usiku ni jambo la kawaida. Siku ya kuondoka hoteli inaiachia, lakini anayeirudisha kwenye akaunti ni benki iliyotoa kadi. Kwa kadi zinazochota moja kwa moja kwenye akaunti, hasa za benki za nyumbani, pesa hiyo inaweza kukaa wiki mbili, pengine mwezi. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa ameipangia kulipa kago ya mwisho anakwama hapo. Dawa yake ni kuuliza kabla ya kufika kama wanapokea dhamana ya fedha taslimu. Wakikubali, chukua risiti yenye muhuri, ihifadhi pamoja na pasipoti, na siku ya kuondoka shuka nayo nusu saa mapema, kwa kuwa hawakurudishii mpaka mtu apande kukagua chumba na friji ndogo. Kuhusu friji hiyo: baadhi ya hoteli zimeweka vihisio chini ya chupa. Ukiinua soda usome bei na ukachelewa kuirudisha, imeshaandikwa kwenye bili. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa dirham au kwa sarafu ya nchi yako, chagua dirham. Ukichagua ya kwenu, ubadilishaji unafanywa kwa kiwango chao na pengo unalibeba wewe.

Mahali hoteli ilipo nako kunakula pesa. Nyota tano nyingi zinazotamaniwa ziko Marina, Palm Jumeirah au Downtown, na soko la wafanyabiashara wetu liko Deira, Naif na Dragon Mart. Kutoka Marina hadi Deira ni zaidi ya kilomita 30. Metro ni rahisi, nauli ya kawaida haizidi dirham 7 na nusu kwa safari moja, lakini mizigo inayoruhusiwa ni begi kubwa moja na dogo moja, kwa hiyo mwenye mabunda ya vitambaa atapanda teksi asubuhi na jioni. Karibu na hoteli hizo chakula nacho si cha bei ya Deira. Deira unashuka chini, unavuka barabara, unapata wali na mbuzi kwa Wasomali, na chai ya karaki kwa dirham moja au mbili.

Sitaki kuionea Dubai. Kuna wakati nyota tano ya huku inastahili kila senti. Kuanzia Juni hadi Septemba bei hushuka sana, wakati mwingine chini ya bei ya hoteli kubwa za Nairobi, na kipindi hicho ndipo ubora wake unapoonekana: bwawa la hoteli ya bei nafuu juu ya paa hugeuka maji ya moto, wakati la hoteli kubwa linapozwa kwa mtambo. Mwenye watoto, mgonjwa aliyekuja hospitali, au mzee anayehitaji kiti cha magurudumu hadi mlangoni, huyo alipe. Hoteli kubwa pia ina nafasi ya kumwelewa aliyetua alfajiri. Chumba kawaida hutolewa saa tisa alasiri, lakini ukiandika barua pepe siku mbili kabla na kutaja namba ya ndege, mara nyingi wanakupa mapema, au angalau wanakuwekea mizigo na kukuruhusu kuoga kule kwenye mazoezi. Kisichonunulika kwa nyota yoyote ni simu za WhatsApp. Ujumbe na sauti zilizorekodiwa zinapita, kupiga hakuendi hata kwa intaneti ya hoteli ya kifahari, kwa hiyo waambie wa nyumbani mapema wasije wakahangaika.

Na jambo hili naliomba kwa moyo wote. Miongoni mwa wanaofungua milango, kubeba mabegi na kutandika vitanda katika hoteli hizo wamo vijana wetu wengi, Wakenya na Waganda hasa. Ile asilimia 10 ya huduma uliyolipa si lazima iwafikie. Badilisha noti mapema upate za dirham tano na kumi, na umpe mtu mkononi. Usisubiri kuandika kwenye bili.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo pesa inanunua kitu kinachoonekana.

Tazama umeme ukikatika Dar saa nane usiku, mwezi Februari. Katika hoteli kubwa taa zinazima, jenereta linajiwasha lenyewe, na baada ya sekunde kumi au kumi na tano taa zinarudi. Kiyoyozi kinabaki kimya kama dakika tatu. Hakijaharibika. Kimewekewa kuchelewa ili gesi ishushe mgandamizo, kwani kompresa ikilazimishwa kuwaka papo hapo mota inaweza kuungua. Kisha kinaunguruma na unaendelea kulala. Katika hoteli ya kawaida jenereta nalo lipo, na kwenye tangazo limeandikwa, ila lilipimiwa taa, soketi na majokofu ya jikoni. Viyoyozi havimo. Dirisha halina wavu, ukilifungua mbu, ukilifunga tanuri. Hata umeme ukiwepo unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba kiyoyozi kinajaribu kuwaka na kuzima usiku kucha. Kwa hiyo ukipiga simu usiulize "mna jenereta?" maana jibu ni ndiyo kila mahali. Uliza: "Jenereta linabeba viyoyozi vya vyumbani?"

Maji ni vivyo hivyo. Hoteli nyingi za Dar zina visima, na maji ya visima vya mjini mara nyingi yana chumvi. Sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa, na aliyezoea maji ya Ghuba au Ulaya anadhani amepewa maji machafu. Hoteli kubwa huyachuja kwa mtambo kabla ya kuyapandisha kwenye matangi. Nairobi tatizo ni mgao. Hoteli ndogo inategemea boza, na likichelewa maji ya moto ndiyo ya kwanza kupotea, wakati usiku wa Julai baridi yake si ya kuogea maji ya bomba. Kiyoyozi Nairobi wala si hoja, mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hoja ni kelele. Westlands na Kilimani baa hupiga muziki hadi alfajiri, na vioo vinene vya madirisha vinavyofunga sawasawa ni sehemu kubwa ya unacholipia. Omba chumba cha upande wa nyuma, mbali na lifti, kisicho na mlango wa kuunganisha na chumba jirani.

Kasoro za nyumbani nazo ni za kweli. Mapokezi ni taratibu, kitu kilichoandikwa kwenye menyu kimekwisha, bomba linalovuja linasubiri fundi hadi kesho, na kuingia getini kunachukua muda kwa kioo cha kukagua chini ya gari na mashine ya mabegi. Lakini kifungua kinywa mara nyingi kimo ndani ya bei, na kuna bei ya wakazi ambayo wengi wetu hatuiulizi. Hoteli nyingi za Kenya na Tanzania hutoza raia kiasi cha chini kuliko mgeni. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti ya nchi yako, na uulize kabla ya kulipa mtandaoni, kwa sababu ukishalipa bei ya mgeni kurudishiwa tofauti ni kazi. Tanzania kanuni za 2025 zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi, basi ukitajiwa dola omba ya shilingi.

Kubwa lililobaki ni ndugu. "Una kwenu, unalalaje hotelini?" Hilo linauma, na mama hatalisahau. Lakini tuseme ukweli: ukilala nyumbani kwa watu, wenye nyumba wanakuachia kitanda chao, watoto wanalala kwenye mkeka, ndoo za maji zinaongezeka na gesi inaisha kabla ya wakati. Mpango ninaoupendelea ni usiku wa kwanza na wa mwisho hotelini, katikati nyumbani. Wa kwanza ili upumzike safari na kupanga zawadi. Wa mwisho ili upime mabegi na kuwa karibu na uwanja wa ndege. Kabla ya kuingia chumbani, pita umsalimie mama kwanza. Na ndugu watakaokuja kukuona, waandikishe majina mapokezi mapema na uliza habari ya chakula, kwa sababu hoteli nyingi haziruhusu chakula cha nje, na shangazi aliyeamka alfajiri kukupikia pilau asisimamishwe getini na hotipoti yake.