Hesabu ya Birling Haikai Sawa

Wanaoiona An Inspector Calls, tamthilia ya J. B. Priestley, kama mahubiri dhidi ya matajiri wana hoja. Eva Smith, msichana anayesemekana kujiua, hatokei jukwaani hata mara moja, na anasimuliwa safi mno: mja mzito, hana kitu, bado anakataa fedha alizogundua ni za wizi. Inspekta Goole, anayefika usiku mmoja nyumbani kwa familia ya Birling kuwahoji kuhusu kifo hicho, naye anayajua majibu kabla ya kuuliza.

Hata Arthur Birling, mwenye kiwanda, ana utetezi. Alilipa wastani wa shilingi 22 na peni 6 kwa wiki, kiwango kilekile cha viwanda vya aina yake. Wafanyakazi walitaka 25, wakagoma, mgomo ukavunjika. Wengi wakarudi kwa ujira wa zamani. Vinara wanne watano, Eva akiwamo, wakafukuzwa. Hakuvunja sheria. Tangu Septemba 1910 hadi usiku ule wa mwaka 1912, wengine wanne wa familia na jamaa yake walimtendea msichana huyo mambo yao wenyewe. Kwa nini alaumiwe yeye?

Basi tuikague hesabu anayoiegemea. Anadai nyongeza ile ingepandisha gharama za wafanyakazi kwa takriban asilimia 12. Shilingi ya wakati ule ilikuwa na peni 12, kwa hiyo ujira wa zamani ni peni 270 na nyongeza ni peni 30: asilimia 11 na kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini imeegemea upande wake. Baadaye inafichuka kwamba mwanawe Eric amechota kama pauni 50 katika kampuni hiyohiyo. Alikusanya madeni madogo madogo, akatoa risiti za kampuni, fedha akatia mfukoni. Pauni ilikuwa shilingi 20. Hizo ni shilingi 1,000, ambazo zingelipa nyongeza ya Eva kwa wiki 400, zaidi ya miaka saba. Birling anaposikia, anachowaza ni kulificha jambo hilo upesi. Eva aliomba waziwazi akafukuzwa. Eric alichukua kwa siri akasitiriwa. Tabaka limeonekana hapo kuliko katika hotuba yoyote ya Goole.

Mkewe, Sybil, anakaa kwenye kamati ya hisani iliyomnyima Eva msaada. Uwajibikaji anauamini sana: anataka baba wa mtoto abebeshwe lawama zote hadharani, mpaka anapogundua ni Eric.

Hoja ngumu zaidi ni ya Gerald Croft, mchumba wa binti yao Sheila. Picha ya msichana aliyokuja nayo Goole ilionyeshwa kwa mtu mmoja mmoja, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba ilikuwa ileile. Labda walikuwa wasichana mbalimbali. Mahakamani shauri lingekufa papo hapo, na wazazi wanashusha pumzi. Sheila hakubali, na kwangu yeye ndiye aliyeielewa hoja ya Gerald kuliko Gerald mwenyewe. Kila mmoja amekwisha kukiri tendo lake. Sheila alimfukuzisha kazi msichana mhudumu wa duka kwa sababu ya wivu, na hilo linabaki kweli hata jina la msichana likiwa jingine. Gerald amekata mnyororo unaoelekea kwenye kifo kimoja tu. Waliodhulumiwa, kwa mantiki yake mwenyewe, sasa ni wanne au watano.