Asilimia Tano Haitaziba Pengo la Mashauriano

Tangu viongozi wa nchi 32 za jumuiya ya kujihami ya NATO walipoagana The Hague mwezi Juni 2025, nimesoma pongezi nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia. Wanaopongeza hutaja jambo moja tu, kwamba wanachama wameahidi kutumia asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi ifikapo mwaka 2035: asilimia 3.5 kwa majeshi yenyewe na 1.5 kwa miundombinu na mengine yanayoambatana nayo. Ahadi hiyo ni nzito. Lakini miezi mitatu tu kabla yake Marekani ilisitisha msaada wa kijeshi kwa Ukraine, kisha taarifa za kijasusi, vita vikiwa vimepamba moto, na Poland, ambayo ndiyo njia kuu ya kupitishia msaada huo, ikalalamika waziwazi kwamba haikuarifiwa wala kushauriwa. Hakuna asilimia itakayotibu jeraha la namna hiyo.

Nakubali, ingawa si kwa moyo mkunjufu, kwamba Wamarekani walikuwa na sababu ya kulalamika. Mwaka 2014, Urusi ilipoitwaa Krimea, ni wanachama watatu tu waliokuwa wakitumia walau asilimia 2 kwa ulinzi, na Ujerumani pamoja na utajiri wake wote haikuwa mmoja wao. Anayemwachia mwenzake gharama miaka nenda miaka rudi asishangae mwenzake akichoka.

Hata hivyo, historia ya umoja huu inaonyesha kwamba kilichoutikisa zaidi ni wanachama kuamua peke yao mambo yanayowahusu wote. Wazungu wa Ulaya nao wana hatia hiyo. Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa zilipanga pamoja na Israeli kuishambulia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, zikamficha Rais Eisenhower wa Marekani, naye alipogundua akazibana kifedha na kidiplomasia mpaka zikaondoka. Desemba ya mwaka huohuo mawaziri watatu wa mambo ya nje, Lester Pearson wa Kanada, Gaetano Martino wa Italia na Halvard Lange wa Norwei, waliwasilisha ripoti ambayo natamani ingewekwa mbele ya kila kiongozi aliyekwenda The Hague. Walisisitiza kwamba mwanachama asijifunge na msimamo wala kutoa tamko kubwa juu ya jambo linalowagusa wenzake kabla ya kulijadili nao, na kwamba mjadala huo ufanyike mapema, wakati misimamo bado inaweza kubadilika.

Miaka sita baadaye, katika mzozo wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Kuba, Rais Kennedy wa Marekani alimtuma Dean Acheson, waziri wa zamani wa mambo ya nje, kwenda Paris kumweleza Jenerali de Gaulle, rais wa Ufaransa, hatua ambazo Marekani ilikuwa imeamua kuzichukua. De Gaulle aliuliza kama anashauriwa au anaarifiwa, akajibiwa kwamba anaarifiwa. Aliiunga mkono Marekani bila kusita, lakini mwaka 1966 aliitoa Ufaransa katika kamandi ya pamoja ya kijeshi, na makao makuu yakalazimika kuhamia Ubelgiji. Sidai kwamba jibu la Acheson peke yake ndilo lililozaa uamuzi huo. Nadai tu kwamba majibu ya aina hiyo hayasahauliki.

Kinyume chake ni kisa cha makombora ya masafa ya kati, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu watulie. Mwaka 1977 Kansela Helmut Schmidt wa Ujerumani Magharibi, akihutubia London, alionya kwamba uwiano wa silaha barani Ulaya kati ya nchi za Magharibi na Wasovieti ulikuwa ukiharibika. Yakafuata mashauriano yaliyochukua takriban miaka miwili, na tarehe 12 Desemba 1979 wanachama wakaafikiana kuweka makombora 572 ya Marekani katika Ulaya Magharibi na wakati huohuo kuialika Moscow katika mazungumzo ya kuyapunguza. Mamia ya maelfu ya watu waliandamana Bonn na kwingineko kupinga, na mwaka 1983 Wasovieti wakasusia mazungumzo. Msimamo ule haukuvunjika, naamini, kwa sababu serikali zilizoutetea mbele ya wananchi wao zilikuwa zimeshiriki kuuandika. Desemba 1987 Rais Reagan wa Marekani na Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, walitia saini mkataba wa kuyateketeza makombora ya nchi kavu ya aina hiyo, yao wote wawili.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumewahi kufaidika na mshikamano wa namna hiyo. Maharamia wa Kisomali walipokuwa wakiteka meli, Umoja wa Ulaya ulituma manowari kuanzia Desemba 2008, NATO nayo ikaendesha operesheni yake hadi mwisho wa mwaka 2016, na maofisa wao walikutana mara kwa mara Bahrain kupanga kazi pamoja na majeshi ya majini ya nchi nyingine, huku watuhumiwa wakifikishwa mahakamani Mombasa.

Ndiyo maana suala la Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark, linaniuma. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, NATO ilitumia kifungu cha tano cha mkataba wake, kinachosema kushambuliwa mmoja ni kushambuliwa wote, kwa mara ya kwanza ili kuisaidia Marekani, na zaidi ya askari 40 wa Denmark walikufa Afghanistan. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyosikia, Januari 2025, rais mteule wa Marekani, Donald Trump, akikataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu kuichukua Greenland. Kama Marekani inahitaji rada au askari zaidi huko Aktiki, uko mkataba wa ulinzi wa mwaka 1951 unaoiruhusu kuwa na kambi kisiwani, na Mette Frederiksen, akiwa Waziri Mkuu wa Denmark, alisema zaidi ya mara moja kwamba yuko tayari kuzungumzia ulinzi wa eneo hilo. Washington ipeleke maombi yake kwa serikali za Denmark na Greenland, kule Copenhagen na Nuuk, kwanza, kabla ya kuyatangaza mbele ya kamera.