Msitegemee vijiti vya dashibodi

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anawashauri wanunuzi wa Nissan Leaf, magari ya umeme, zilizotumika Japani wahesabu vijiti vinavyoonyesha uzima wa betri kwenye dashibodi: vikitimia 12, gari ni zima. Hapo napinga kabisa. Fundi asiye mwaminifu anaweza kuvirudisha juu vijiti hivyo kwa kompyuta, mnunuzi akaja kugundua ameshalipa. Kagueni seli zenyewe, yaani vipande vidogo vinavyounda betri. Chini ya usukani kuna soketi ya OBD2, ya kuchomeka vifaa vya kupimia gari. Chomeka hapo kifaa cha OBD2 chenye Bluetooth, fungua kwenye simu programu ya LeafSpy, inayosoma betri ya Leaf, utaona volti za jozi zote 96 za seli. Kisha ipandishe gari mlima ikiwa na chaji kidogo, uangalie kama kuna jozi ambayo volti yake inaporomoka kupita nyingine. Muuzaji akikukatalia kuchomeka, achana naye.

Ukishanunua, kuna OVMS, kompyuta ndogo inayokaa garini na laini yake ya simu, inakuonyesha chaji na joto la betri hata ukiwa mbali. Hilo la joto mwandishi hakuligusa kabisa, na ndilo kubwa kwetu sisi wa Mombasa na Dar, maana betri ya Leaf hizi zilizotumika haina mfumo wa kuipoza, na chaja ya haraka huzidi kuipasha moto.