Usinitaabishe, Mlango Umekwisha Fungwa

Leo saa kumi na moja alfajiri nimesomewa mashtaka koridoni, nimevaa msuli, rozari shingoni, Biblia kwapani. Kosa langu ni kuwasha taa.

Haya yote yameletwa na karanga. Kwaresima, padre alikuja kwenye jumuiya kutufundisha Lectio Divina, mimi nimekaa jirani na sahani ya karanga, akili yote iko huko. Akauliza nani yuko tayari kusoma Neno kwa sala kila siku. Nikanyoosha mkono, nikidhani wanahesabu ambao hawajapata chai. Makofi! Mwenyekiti akaandika jina. Tangu hapo kila Jumamosi ananikazia macho: "Baba Deo, wiki hii neno gani limekugusa?"

Mimi wiki nzima nimeguswa na viwiko vya watu kwenye daladala.

Padre alisema kuna mtawa Mkartusi wa Ufaransa, Guigo, aliyeandika karne ya 12 kwamba sala hii ni ngazi yenye vipandio vinne. Kusoma ni kutia tonge mdomoni, kutafakari ni kulitafuna, kusali ni kuipata ladha, na taamuli, yaani kutulia kimya mbele za Mungu, ndiyo utamu wenyewe. Papa Benedikto wa 16 naye mwaka 2010 akakumbusha kwamba safari haijaisha mpaka ifike kwenye matendo. Yaani vitano, na mimi cha kwanza tu kinateleza. Guigo simlaumu, lakini Wakartusi wale kila mtawa ana kijumba chake peke yake, na chakula anapitishiwa kwenye kidirisha cha ukutani asisumbuliwe. Dirisha langu mimi linatazamana na choo cha nyumba nzima. Wanaosubiri zamu wananisalimia, na salamu lazima uitikie.

Nilijaribu kusomea kwenye simu, katikati ya Heri Maskini ikaingia meseji ya kunihimiza nibashiri mechi. Nikajaribu jioni, Mama Deo akasema taamuli gani hiyo yenye kukoroma. Basi ikabaki alfajiri.

Leo nilikuwa Luka 11, yule bwana anayegongewa usiku wa manane na rafiki yake anayetaka mikate mitatu. Na tulivyofundishwa, unasoma polepole, kwa sauti, neno likikugusa unalirudia. Nje kukagongwa. Wallahi sikusikia, nilikuwa natafuna tonge. Nikasoma: "Usinitaabishe, mlango umekwisha fungwa."

Kimya. Kukagongwa tena. Na mimi neno ndiyo kwanza linanigusa, nikalirudia kwa hisia zote: "Usinitaabishe!"

"Mimi? Mimi ndiye nakutaabisha, Baba Deo?"

Baba Sharifa! Mshika LUKU, mita ya umeme wa nyumba nzima, ameona taa yangu inawaka, ndoo ya maji ya udhu mkononi. Nikaruka kufungua.

"Samahani mzee wangu, sikuwa nasema na wewe."

"Unasema na nani saa hizi?"

"Si mimi niliyesema. Ni yule wa ndani."

"Yupi wa ndani?"

Hapo Mama Deo akakurupuka kitandani kama kamwagiwa maji: "Ehe, yupi wa ndani?"

Milango ikaanza kufunguka. Mama wa vitumbua akatoka na mwiko wake. Kijana wa chumba cha mwisho, ambaye kodi akidaiwa huwa hayupo, leo alikuwepo. Ikabidi nijitetee kwa Maandiko. Nikamwonyesha mzee mstari kwa kidole. Akaweka ndoo chini, akavaa miwani, akasoma. Mimi roho ikatulia. Kumbe mzee hakuishia hapo, akateremka na mstari wa chini yake, akavua miwani taratibu.

"Huyu si aliamka akatoa? Kwa kuwa mwenzake hakuchoka kuomba. Au nimesoma vibaya?"

"Umesoma vizuri, mzee."

"Basi na mimi naomba elfu tatu yako ya umeme. Tangu wiki iliyopita sijachoka."

Nikatoa. Ndiyo hayo matendo, nimeparamia ngazi yote kwa mkupuo mmoja. Mama wa vitumbua akasema "Amina" nikaona kama ananikejeli.

Ila kuna jambo hapa tusifichane. Taa yangu ni kibalbu kimoja, ukitaka kuona mende lazima umsogelee. Nikiwasha nusu saa kwa ajili ya Mungu naulizwa kama napiga pasi. Sawa! Friji la Mama Sharifa linanguruma usiku na mchana, limejaa barafu za ubuyu na ukwaju za kuuza, mchango wake elfu tatu kama mimi mwenye kibalbu! Nani amewahi kuligongea friji saa kumi na moja? Nani amelisomea mashtaka koridoni? Nimekaa kimya mwaka mzima kwa sababu ya ujirani, na kwa sababu Deo wangu huwa anaongezewa moja ya bure.

Hata hizo barafu zenyewe siku hizi sukari hamna. Jana nimekula nne za ukwaju, mpaka sasa meno yanakataa chai.